Chumba cha Mbele cha Shangazi

Shangazi yangu ni fundi sofa, na mtaa mzima unamwita Mama Sponji. Hakuna siku utakayomkuta bila vipande vya sponji nyweleni, hata akiwa amejipamba kwenda harusini. Mwenyewe hajali. Husema kila mtu ana vumbi la kazi yake, na lake angalau ni laini.

Nyumba yake aliinunua kwa mkopo wa benki baada ya kufiwa na mume. Ndugu walimshauri apange tu, asijitie kitanzi, lakini hakusikia la mtu. Chumba cha nyuma akakifanya karakana. Cha mbele akakiwekea viti vinne vya mahameli ya zambarau, alivyovishona kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia. Sisi wageni tulikaribishwa jikoni, kwenye mabenchi. Nikiwa mdogo niliwahi kujiegesha ukingoni mwa kiti kimoja. Alinitazama tu, nikainuka mwenyewe.

Mwaka juzi aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akafungwa plasta hadi karibu na kiwiko, na kazi ikasimama. Wateja walivumilia kidogo, kisha mmoja mmoja wakaja kuchukua sofa zao zikiwa nusu uchi, pamba zinaning'inia. Marejesho ya mkopo yakaanza kulala.

Benki ikapiga simu, naye hakupokea. Ikapiga tena, akaizika simu ndani ya gunia la sponji, ikawa inalia humo kama kifaranga. Tukimuuliza hali, alijibu kwamba mambo ni shwari. Mwanamke huyu alizoea kubishana na wauza vitambaa mpaka wanampunguzia bei na kumsindikiza mlangoni, lakini simu ya karani wa benki ilimtoa jasho.

Asubuhi moja akaja mwanamume wa makamo mwenye tepu ya kupimia. Alisema amekuja kupima. Shangazi alifurahi kwelikweli, akadhani ni mteja anayetaka kujua sofa za ukubwa gani zinaenea kwenye chumba kama chake. Akamshikia ncha ya tepu kwa mkono wa kushoto. Wakapima chumba cha mbele, wakapima jikoni, wakapima korido. Yule bwana alipofungua mlango wa choo na kuanza kupima humo, Shangazi akamuuliza kwa upole ni sofa gani hiyo anayotaka kuiweka huko.

Mwanamume akaishusha tepu. Akaeleza kwamba yeye ni mthamini, ametumwa na benki kujua nyumba ina thamani gani kabla haijanadiwa. Alidhani mwenye nyumba ana habari. Shangazi akakaa juu ya ndoo iliyokuwa hapo, na yule bwana akabaki amesimama, akiikunja tepu taratibu.

"Mama, mimi kazi yangu kupima tu," alimwambia. "Lakini nisikilize. Nenda kesho. Tangazo la mnada likiwa halijatoka, bado wanaongea na wewe. Likishatoka, wanaongea na wanunuzi."

Shangazi alinipigia simu mchana huo, sauti imekuwa ndogo. Niliomba ruhusa kazini, kesho yake nikaenda naye benki. Alikuwa amejichana vizuri, lakini kipande kimoja cha sponji kilibaki nyuma ya sikio. Nilikiacha.

Afisa mikopo alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mtulivu. Alitueleza polepole. Muda wa mkopo unaweza kurefushwa ili rejesho la kila mwezi lipungue, ila mwisho wa yote riba itakuwa kubwa zaidi. Au kwa miezi michache alipe riba peke yake, hadi mkono upone. Au aiuze nyumba mwenyewe kwa bei yake, alipe deni na abaki na chochote, kwa sababu mnadani nyumba huenda kwa bei ya kutupa. Kwenye hilo la mwisho Shangazi alitikisa kichwa kabla dada hajamaliza. Basi, akasema afisa, yale mawili ya kwanza yanaweza kwenda pamoja, lakini benki itataka kuona kipato fulani. Je, ana chumba cha kupangisha?

Shangazi alianza kuipapasa plasta yake. Nilijua yuko wapi kimawazo.

"Kipo," akasema. "Kina viti, lakini kipo."

Tulipokuwa tunaaga, dada akamuuliza kwa nini hakupokea simu zao.

"Mwanangu, nilidhani nikinyamaza mtanisahau."

"Hatusahau, mama," yule dada alicheka. "Lakini huwa tunasikia."

Chumba cha mbele kikapangishwa kwa fundi wa meno bandia, bwana mmoja mkimya anayeanika meno kwa safu dirishani. Vile viti vya mahameli vikahamia jikoni, maana hapakuwa na pengine. Wa kwanza kukalia alikuwa mama yangu, wifi yake, aliyeingoja nafasi hiyo tangu enzi na enzi. Alijishusha taratibu, akatandaza gauni lake, akaomba chai. Shangazi hakumtazama usoni hata mara moja. Alikitazama kikombe.

Plasta ilitolewa, ila vidole viwili havijikunji sawasawa hadi leo. Kitambaa anakivuta kwa koleo huku akilitukana. Kazi zimerudi, si kama zamani, lakini zinatosha. Mkopo ataumaliza akiwa amepita miaka sabini. Nilipomwambia ni mbali huko, alinijibu ndiyo maana hawezi kufa ovyo, ana mkataba.

Rejesho angeweza kulituma kwa simu, lakini hulipeleka mwenyewe kwa miguu, apate kumsalimia yule dada. Wiki iliyopita nilimkuta amerudi kutoka huko amenuna. Nikashtuka, nikamuuliza kuna nini tena.

"Wanakopesha watu manyumba," alisema akivua viatu, "halafu viti vya kusubiria springi zimekufa zote."