Futi ya Martha Ina Pande Mbili

Simu ya Martha inaning'inia kwenye boriti kwa kipande cha kaki, kamera ikitazama meza. Chini yake mkasi unapita, naye anaongea peke yake kama mtu anayegombana na kitambaa. Hagombani. Anafundisha shati la shule, na mafundi wa Buraza na Buhinyuza watalipokea somo kwenye kundi lao la WhatsApp kabla chai yake haijapoa.

Martha ni fundi cherehani wa Yoba, mjini Gitega, Burundi. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akajifunza kushona hukohuko, akarudi na wazazi wake amani ilipopatikana. Video zake hazilipiwi: anayetaka achukue, arekebishe, amgawie mwenzake.

Mwaka jana ukarimu huo nusura umtoe katika ushirika wa mafundi wa Yoba. Kwenye somo la shati alisema pembeni iachwe moja ya mshono. Kwake moja ni inchi, kama alivyofundishwa Tanzania. Josefina wa Buraza, aliyezoea sentimita, akaacha sentimita moja na kukata mashati ya darasa zima.

"Nilivalisha mtoto, alors, basi, mabega ikakataa," anasema Josefina. "Mi nikapigia Martha simu, nikamwambia, dada, we umeniua."

Hapakuwa na kitambaa cha kupanulia. Mashati wakapewa watoto wa madarasa ya chini, ushirika ukanunua kaki nyingine. Nazario, mwenyekiti, akaagiza video ifutwe na kundi lifungwe, la sivyo Martha atoke.

"Niliona tunagawa kazi yetu bure, halafu tunalipia makosa," anasema.

Martha aligoma. Alimwomba Josefina arekodi sahihisho kwa sauti yake, likawekwa mwanzoni mwa video ileile. Tangu hapo hakuna somo linalotoka Yoba kabla mtu wa sentimita hajalipima. Nazario mwenyewe sasa hutuma masomo ya suruali. Akisahihishwa hununa kidogo, kisha hurekodi upya.

"Nililia, sikufichi," anasema Martha. "Lakini ningefuta, kesho mwingine angekata vilevile."

Sasa anapanga kupeleka cherehani Buhinyuza, kwao, ili pawe na darasa. Huko Imelda, mama wa watoto wawili, amejifunza kushona kwa simu tu. Juzi alimrudishia Martha somo la kola likiwa limesahihishwa. Martha alipima na kupima tena, akitafuta kosa la mwanafunzi wake. Hakuliona.

"Atakayefundisha ni yeye," anasema, akigeuza futi upande wa sentimita. "Mimi nitakaa nyuma, nijifunze kola."