Safari ya Ngome na Kinyongo cha Nyanya

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji ndiyo hunirudisha Wusi, kijiji chetu cha milimani. Siku hizi naishi Voi na nyumba yangu ina umeme, lakini jirani yangu hufua nguo za watu, na umeme ukikatika, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu, yeye hutoa pasi yake ya zamani na kuipepea mpaka makaa yashike. Harufu ile ikivuka ua kuja kwangu, mara moja huwa nina miaka kumi na miwili. Sare yangu ya shule imeshapigwa pasi siku nne kabla ya safari, imetundikwa ukutani, na nimemkataza kila mtu nyumbani kuigusa.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Mombasa kuiona Fort Jesus. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa msichana wa darasa la sita. Mwalimu wetu, Mwalimu Mwakio, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alikuwa na mpango ambao hakuna mwalimu mwingine angeufikiria. Kaka yake alifundisha shule moja huko Likoni, ng'ambo ya kisiwa, na huko ndiko tungelala, darasani, juu ya mikeka. Asubuhi tungepanda feri kurudi kisiwani na kwenda ngomeni. Tungeweza kushuka kwenye gari la moshi na kwenda moja kwa moja, lakini Mwalimu Mwakio hakutaka kusikia hilo. "Waliojenga ngome walikuja kwa maji," alisema, akigonga ubao kwa chaki. "Na nyinyi mtaifikia kwa maji!"

Basi kwa wiki tatu hatukusoma kitu kingine. Alichora kisiwa ubaoni, akachora feri iliyofanana sana na sufuria, na kukazuka ubishi mkubwa kama sufuria ile yenye magari ndani ingeelea kweli. Rafiki yangu Mkamburi alisema haiwezekani, chuma huzama, hata mtoto anajua. Mimi nilichaguliwa kuwa mwandishi wa safari. Naomba mnivumilie nikisema kwamba niliifanya kazi hiyo vizuri mno. Mimi ni mtu wa mipango tangu nizaliwe, na ugonjwa huo haujapona mpaka leo. Niliandika nani angekaa na nani, nani angebeba sufuria za chakula, nani hutapika akipanda gari. Niliandika pia majina ya wazee wa kijiji walioagiza chupa ya maji ya bahari, kwa sababu kwetu milimani maji hayo yaliaminiwa kutibu kila kitu, kuanzia upele hadi mume mkorofi.

Nyumbani ruhusa haikunipa shida. Mama alikuwa mtu wa kanisa, na aliposikia jina la Yesu alikubali kabla sijamaliza sentensi. Baba alifanya kazi relini Voi na alikuja nyumbani kila Jumamosi. Yeye aliuliza tu kama mwalimu anajua saa za gari la moshi. Siku nilipowapa habari zote kwa ukamilifu tulikuwa tumekaa jikoni tukipukuchua maharagwe, nyanya akiwa pamoja nasi. Huyu alikuwa mama yake baba, na nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka yetu. Nilieleza feri, nikaeleza mizinga, nikaeleza kuta zenye unene wa chumba kizima. Katikati ya maneno yangu nyanya akainuka, akakung'uta maganda kwenye kanga yake, akaenda zake. Maharagwe yake aliyaacha vilevile kwenye ungo, na nyanya hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na lazima nieleze kwa nini. Kwetu sisi Wadawida, mtoto hasafiri mbali hivihivi. Mkubwa wake huchukua funda la maji, au la juisi ya muwa, akalipuliza nje kama manyunyu, na baada ya hapo hutamka maneno ya kutoa kinyongo chochote alicho nacho moyoni juu ya yule anayeondoka. Ndiko tunakoita kutasa. Wazee waliamini hasira ya mkubwa, hata kama yeye mwenyewe hataki, humfuata mtu njiani na kumwangusha. Jumapili mama alisema hayo ni mambo ya zamani, tumeokoka. Jumatatu mtoto akitaka kusafiri, alimpeleka kwa nyanya. Na nyanya, nilipopelekwa, alitazama kata ya maji kwa muda mrefu, akairudisha mtungini.

"Siwezi," alisema. "Moyo haujafunguka. Nikipuliza nitakuwa nimempulizia uongo."

"Basi haendi," mama akasema, na alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesema mvua imeanza.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Siku nne zilibaki. Baba alipoletewa habari Voi alituma jibu kwamba mambo ya mama yake ayamalize mama yake, na kwa hilo alionyesha hekima yote ya wanaume wa reli. Nikabaki peke yangu na tatizo langu, nami, kama nilivyosema, ni mtu wa mipango. Nikafikiri: kama nyanya ana kinyongo, basi kuna kosa nililomkosea. Nikilitaja, litatoka. Mficha uchi hazai. Nikachukua daftari la safari, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaanza kuorodhesha dhambi zangu.

Siku ya kwanza nilikiri mayai. Kwa mwezi mzima nilikuwa natoboa mayai ya kuku wake, nayanyonya mabichi, na lawama ikamwendea nguchiro. Nyanya alisikiliza akiendelea kumenya mihogo. "Hilo nalijua," alisema. "Nguchiro hanyonyi yai akarudisha ganda mahali pake." Maji hakuyagusa. Lakini mama alikuwa nje ya mlango, na jioni ile nilifagia banda la kuku.

Siku ya pili nilikiri kibuyu chake cha maziwa, kile ambacho kila mtu aliamini kimeibwa, kumbe vipande vyake nilivizika mgombani. Nyanya alisikitika kidogo, akasema kilikuwa kibuyu cha mama yake, akanisamehe. Maji hakuyagusa. Mama akanipa ndoo nikateke maji mtoni mara sita.

Siku ya tatu nilikiri lile nililokuwa nimeapa kulipeleka kaburini: kwamba shuleni niliwachekesha wenzangu kwa kuigiza anavyotembea, mguu mmoja ukivuta. Akaniambia nimwonyeshe. Nikatembea jikoni kutoka mlangoni hadi kwenye mafiga. Akacheka hadi akafuta machozi, akasema ninakosea, mguu ni wa kushoto. Na maji, wapenzi wangu, hakuyagusa.

Alhamisi alasiri nilimkuta nyuma ya nyumba yake akipalilia viazi vitamu. Kesho yake ndiyo ilikuwa safari. Sikuwa na dhambi nyingine iliyobaki, na mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya ndoo.

"Nyanya, nimeshakwambia yote," nilisema. "Kama lipo lingine nimelisahau."

Akalaza jembe chini. "Nani amekwambia nina hasira na wewe?"

"Sasa una hasira na nani?"

Nadhani katika siku zote zile, na labda katika miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwuliza. Alikaa juu ya tuta, akanivuta nikae pia.

"Na babu yako."

Babu nilimjua kwa jina tu, alikufa kabla sijazaliwa. Nyanya akanieleza, kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza jinsi ya kupanda viazi. Zamani, kabla haijawa mahali pa watoto kutembelea, ngome ile ilikuwa jela. Babu alikuwa kibarua wa mkonge huko bondeni. Siku moja msimamizi alimpiga kiboko kijana mwenzake, babu akamnyang'anya msimamizi kile kiboko na kumchapa nacho yeye. Akafungwa mwaka mzima katika ngome ile. Nyanya alipika kimanga cha muhogo na maharagwe, akakifunga kwa majani ya mgomba, akambeba baba, aliyekuwa bado mtoto mchanga, mgongoni, akashuka milima kwa miguu hadi Voi. Hakuwa amewahi kupanda gari la moshi. Alifika kwenye lango la ngome asubuhi, akataja jina la mumewe. Askari aliingia ndani, akakaa, akarudi.

"Akaniambia, 'Mumeo amesema hataki kukuona. Rudi nyumbani.'" Nyanya alifikicha udongo kati ya vidole. "Nikamwachia yule askari chakula. Mpaka leo sijui kama kilifika."

Babu alirudi mwaka ulipokwisha. Aliishi miaka mingi baadaye, wakazaa wengine wanne. Yeye hakusema neno juu ya siku ile, na nyanya hakuuliza. "Nilimpikia, nikamzalia, nikamzika," alisema. "Lakini hili nililimeza. Sasa wewe unataka nikuambie nenda salama kwenye lango lile lile. Neno halitoki, mwanangu. Nimejaribu."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kitu pekee nilichokijua juu ya kukataa kuonekana na watu kilikuwa kichwa changu mwenyewe. Mwaka uliotangulia nilipata mashilingi kichwani, yale mabaka ya duara yanayokula nywele, mama akaninyoa kipara, na kwa wiki mbili nilijificha hata Mkamburi alipokuja na miwa. Nilimpenda Mkamburi kuliko mtu yeyote, na ndiye niliyemkataa kwa ukali kuliko wote.

"Labda walikuwa wamemnyoa," nilisema.

Nyanya alinitazama. Kicheko kikaanza kumtoka, kidogo, kama kikohozi, kikakatika, naye akafunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yakitikisika. Sikuwa nimewahi kumwona nyanya akilia, na niliogopa, nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Alikuwa na nywele nzuri mtu yule," alisema mwishoni, ndani ya kanga. "Na alijua. Alikuwa na maringo nazo."

Akainuka. Akaenda nyumbani, mguu wa kushoto ukivuta, akarudi na kata imejaa. Alichukua funda, akageukia upande wa bondeni, akalipuliza kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Wewe mtu," akasema, "kama walikunyoa, ungesema. Nami ningekufunika na kanga yangu. Nilikukasirikia. Sasa na itoke, iende, isirudi." Alisimama kidogo akipumua. Akachukua funda la pili, akanipulizia mimi, usoni na kifuani, maji ya baridi ya mtungi. "Nenda," akasema. "Ukaone, urudi."

Nilikwenda. Feri haikuzama, na Mkamburi aliikasirikia kwa kutozama. Tulikifikia kisiwa cha ngome kwa maji kama Mwalimu Mwakio alivyotaka, akiwa amesimama mbele ya wote huku tai yake ikipigwa na upepo, na sijapata kumwona mtu mzima mwenye furaha kama ile. Langoni nilimkumbuka nyanya, nadhani kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Halafu nikaona mizinga, nikakimbia.

Niliporudi Wusi nilikuwa na kurasa kumi na saba za maelezo, nami nilimkalisha nyanya chini nimsomee zote. Nilianza na feri. Akanikatiza.

"Ndani mle," akauliza, "kuna kivuli?"

Swali gani hilo? Nilitaka kumweleza kuhusu meli na mawimbi. Sikukumbuka kivuli chochote. Nilikumbuka jua na mizinga na kelele zetu. "Kipo, nyanya," nilisema haraka, "kipo kikubwa," nikarudi kwenye feri yangu. Yeye alivuta pumzi ndefu, akaegemea ukuta, akaniacha nisome mpaka mwisho. Nakumbuka nilifurahi kwamba ananisikiliza kwa makini vile. Leo sidhani kama alisikia hata ukurasa mmoja.

Ilinichukua miaka mingi kulielewa swali lile. Nililielewa hospitalini, mume wangu alipokuwa mgonjwa, siku aliyomwagiza nesi aniambie nirudi nyumbani. Nilikaa nje kwenye benchi, nikiwa na hasira inayochoma, na kumbe kitu kimoja tu kilikuwa kikizunguka kichwani mwangu: kama wamemfungulia dirisha, kwa sababu hapendi joto. Nikamkumbuka nyanya. Alikuwa ameibeba hasira yake miaka yote ile, na chini ya hasira alikuwa amebeba jua la Mombasa likimpiga mtu wake kichwani, kichwa kisicho na nywele. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyompenda alipokuwa hai, na nilimlilia pale pale kwenye benchi, nikichanganya kilio chake na changu.

Baada ya mume wangu kupona tulikwenda Mombasa pamoja, nikamwambia lazima tupite ngomeni. Niliingia langoni polepole safari hii. Miti ipo uani, na chini yake watalii walikuwa wamekaa wakinywa maji. Mlinzi mmoja mzee alikuwa karibu, mtu mpole mwenye funguo nyingi, na nilimsogelea kumwuliza miti ile ilipandwa lini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikamsalimia tu, nikapita. Nyanya alikuwa ameshajibiwa, na mimi sikutaka kujua kama nilimdanganya.