Siku Baba Alipotaka Kurejea

Juzi mwanangu alinichukua kwa gari kunipeleka hospitali. Mjukuu wangu kakaa nyuma anamenya chungwa, madirisha yote yamefungwa. Harufu ya lile ganda bichi ikachanganyika na ya viti vilivyopigwa jua, mara nikafumba macho, nikaegemeza kichwa dirishani. Mwanangu akanitazama. "Mama, umechafukwa na roho?" Nikamwambia sikuchafukwa, nimekumbuka. Akacheka, maana ananijua mie nikianza kukumbuka hatufiki mapema. Basi yeye sikumsimulia. Nakusimulieni nyinyi, mlio na nafasi.

Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, tukikaa Malindi, nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi nyembamba hata mtu mnene akipanda lazima umsubiri amalize. Asubuhi moja nikaambiwa tunakwenda kutembea shamba. Shamba kwenyewe ni Makunduchi, kwao mama, na tunakwenda kwa gari! Baba alikuwa mwalimu, gari hakuwa nalo. Alilikodolea macho la mwalimu mwenzake mpaka akaazimwa, kigari kidogo cha rangi ya maziwa, mlango mmoja umefungwa kwa kamba.

Gari halikuweza kuingia kwenye vichochoro vyetu, likatungoja Darajani. Mchukuzi akatutangulia na rukwama. Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa. Juu ya rukwama kulikuwa na sanduku la mama la nguo, lile kubwa lenye misumari ya shaba, na juu ya sanduku mto wake wa kulalia, na juu ya mto birika lake la kaure alilopewa arusini. Nikamuuliza Shangazi Zuhura, dada yake baba, "Shangazi, mtu akienda kutembea huchukua na mto?" Shangazi akanijibu bila ya kunitazama, "Mwanamke hatembei mikono mitupu." Nikamtazama yeye, mikono yake mitupu. Kashika kipepeo cha kujipepea tu.

Tulipofika kwenye gari nikaona ajabu ya pili. Mama siku zote, tukibahatika kupanda gari la watu, hukaa mbele kwa baba. Siku ile alifungua mlango wa nyuma, akajikunja pembeni, buibui kalivuta mpaka puani. Shangazi akaingia naye hukohuko, akajipanua. Mimi nikaambiwa nikae mbele. Mbele! Nilijiona bibi harusi. Nilidhani ni zawadi yangu ya kuhitimu juzuu ya kwanza, na nikawapungia mkono watu wa Darajani ambao hata hawanijui.

Sasa lazima nikwambieni baba yangu alivyokuwa. Baba akishika safari hasimami. Ukibanwa na mkojo, utajibeba na mkojo wako mpaka mwisho wa safari. Na petroli wakati ule haikuwa kitu cha kuchezea, aliipata kwa kuomba huku na huku. Kwa hiyo tulipofika Tunguu, akapunguza mwendo, akaegesha kando ya bibi aliyepanga machungwa juu ya jamvi, nilijua gari limeharibika. Na si mimi peke yangu. Bwana mmoja aliyepita na baiskeli alishuka akauliza, "Vipi, mwalimu, mmeharibikiwa?"

"Aa, tunatembea tu," baba akasema.

Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakaa juu ya jiwe, akamenya chungwa. Baba! Aliyekuwa akimenyewa maisha yake yote! Aliling'ang'ania lile chungwa mpaka ganda likatoka vipande vipande, na jeupe lake limebaki nusu. Akalikata juu, akampa shangazi dirishani. "Dada, mpe. Huenda ana kiu."

Mama yuko hapohapo, hata urefu wa mkono haufiki. Shangazi akalipokea, akamgeukia. "Anakwambia huenda una kiu."

"Mwambie ahsante," mama akasema, akalichukua, na palepale akanipa mimi.

Nikalila. Lilikuwa kali, maji yake yakanitiririka mpaka kwenye viwiko, na ndani ya gari pakanuka chungwa safari nzima. Nilishangaa tu hawa watu wana nini leo. Jana usiku walikuwa wakijibizana hata nikawasikia kupitia ukuta, leo wanatafutiwa mkalimani.

Tulikwenda kidogo, tukasimama tena, kwenye magofu ya Bungi. Baba akatushusha sote. Akawa anatutembeza baina ya kuta zilizoota majani, anatueleza kama yuko darasani. Hapa palikuwa na sebule. Hapa palikuwa na birika la kuogea. Hapa watu walikuwa wakikaa jioni kula hewa. Anazungumza na mimi, macho yako kwa mama. Mama alikuwa akitazama mjusi. Shangazi alijipepea, akasema kuta hizi zitatuangukia, turudi garini. Baba akabaki nyuma kidogo, akaita, "Bi Rukia."

Hilo nalo likanichanganya. Mama hakuwa Bi Rukia kwa baba. Alikuwa Mama Asya, kwa jina langu mimi, na nilikuwa na fahari nalo.

"Naam," mama akaitika, akasimama.

Tukasimama sote. Baba akafungua mdomo. Mara sauti ikatoka njiani: "Jamani, mmeharibikiwa?" Walikuwa kina mama watatu wametoka kuchanja kuni, mizigo kichwani, wana huruma kwelikweli. Baba akawajibu, wakaenda zao, na yeye akaenda zake garini.

Jozani ndiko nilikofurahi. Njia ilikuwa imefunikwa na miti, pakawa na baridi ya ghafla na harufu ya majani yaliyolowana. Baba akazima gari, akanionesha kima punju, wamekaa matawini na migongo yao myekundu na zile nywele nyeupe zimewazunguka nyuso. Mmoja akatushukia karibu, akatutazama mmoja mmoja, akajikuna kwapa, akageuka kutuonesha mgongo. Shangazi akasema, "Huyu khasa ndiye yule karani wa mgao wa sukari."

Mama akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka buibui likamshuka puani. Na mimi, niliyekaa mbele, nikamwona baba anavyokipindua kile kioo kidogo cha ndani ya gari apate kumwona. Alikishika kioo kwa vidole viwili, hapumui.

"Bi Rukia," akasema.

"Naam."

Shangazi akatazama nje kwa nguvu, mtu mzima amegeuka mzima mzima. Nikahisi kuna kitu kinataka kuja, lakini sijui kinatokea wapi.

"Kiatu chako kina tope," baba akasema.

Mama akatazama kiatu. "Nshakiona," akasema. Akalipandisha tena buibui lake, na kile kicheko sikukisikia tena siku ile.

Basi tukafika Kizimkazi, kwenye msikiti wa kale wa Dimbani, adhuhuri imeingia. Baba akaenda kusali. Wanawake wakasali ugani kwa jirani, wakarudi, wakangoja, baba hatoki. Wenzake aliosali nao walishatoka wakatawanyika. Mimi nilikuwa nshachoka. Bibi yangu wa Makunduchi alikuwa ameniletea salamu kwamba mbuzi wake kazaa pacha, mmoja mweupe mmoja wa madoa, na wa madoa ni wangu. Tangu alfajiri nina mbuzi kichwani, na hawa wanasimama kila penye mti!

Mwishowe baba akatoka. Uso wake ulikuwa na maji ya udhu, au nilidhani ni ya udhu. Hakwenda upande wake wa usukani. Akaja moja kwa moja dirishani kwa mama, safari hii hakumpitia shangazi, akaweka mikono miwili juu ya mlango. Nilikuwa nimegeuka nimepiga magoti kwenye kiti, naona kila kitu. Shangazi aliacha kujipepea.

"Mama Asya," baba akasema. "Mimi... mimi nnataka kurejea."

Nikapigwa na butwaa. Kurejea! Tushafika Kizimkazi, Makunduchi hiyo hapo puani, baba anataka kurejea mjini! Nilipasuka kilio ambacho nadhani walikisikia waliokuwa baharini. "Sitaki! Haturejei! Mama, mwambie haturejei! Sitaki kurejea, sitaki, sitaki!" Nikapiga kiti kwa ngumi. Nikalala sakafuni. Shangazi akanifinya paja na kucha zake zote. "Wee mtoto! Huo ulimi utakuja kukatwa!" Lakini mimi nikifungua bomba halifungiki, nikaendelea mpaka nikakosa pumzi.

Niliponyamaza, baba alikuwa ameshaondoa mikono mlangoni. Alimtazama mama kwa muda, mama akatazama magoti yake. Kisha baba akazunguka, akaingia, akaliwasha gari.

"Haya, baba," akaniambia, ndivyo alivyokuwa akiniita akinibembeleza. "Haturejei."

Nilijifuta makamasi, nikakaa kitako, nikaona nimeshinda. Mpaka Makunduchi hakusimama tena hata mara moja.

Babu alitupokea uwanjani. Baba akamwamkia, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba," wakateremsha sanduku, na mto, na birika. "Nimemleta Bi Rukia," baba akasema, hakuongeza neno. Hata maji hakunywa. Nilikuwa nimemkumbatia mbuzi wangu wa madoa wakati gari lilipoondoka, na sikukimbia kuliaga. Nilidhani atakuja kutuchukua Ijumaa.

Ijumaa ngapi zilipita! Kila nikiuliza naambiwa baba ana kazi. Nilimaliza miezi nikimngoja, mbuzi akawa mkubwa, nikatiwa skuli ya hukohuko. Siku moja mama akaoga, akafukizwa udi, wanawake wakaja wakapiga vigelegele vidogo, wakasema eda imekwisha. Nikafurahi nao, sijui eda ni kitu gani, nilifikiri ni maradhi kapona. Mwaka uliofuata mama aliolewa na seremala wa pale kijijini, mtu mwema, sina la kumsema. Baba naye akaoa mjini. Nikawa mtoto wa likizo, sikukuu huku, sikukuu kule.

Niliishi hivyo, nikakua, nikaolewa, na sikujua nilichokifanya. Nilikuja kujua nikiwa na watoto wawili. Jirani yangu aliachwa na mumewe kwa hasira, na jioni nzima tukakaa naye ukumbini tunampoza. Mama mmoja mjuzi wa mambo hayo akamwambia, "Usilie. Ni talaka moja, talaka rejea. Maadamu umo edani hahitaji harusi wala mahari. Aseme nimekurejea, basi. Akisema hivyo tu, wewe mkewe."

Kikombe kilinitoka mkononi. Mie mtu mzima, nimesoma, neno hilo nimelisikia mara mia, lakini siku ile ndipo lilipokutana na lile la Kizimkazi. Nnataka kurejea. Hakuwa akizungumza na gari wala na njia. Kumbe sanduku, kumbe mto, kumbe shangazi aliyetiwa katikati ili wasikae peke yao mpaka neno lisemwe. Kumbe machungwa, na magofu, na kima punju, na petroli yote ile ya kuomba! Nililia mbele za watu, yule jirani ikabidi aache kulia yeye anibembeleze mimi.

Baba alikuwa ameshafariki. Nikapanda basi la asubuhi mpaka Makunduchi, nikamkuta mama anachambua mchele. Hata salamu sikuimaliza vizuri. "Mama, siku ile Kizimkazi, baba alitaka kukurejea?"

Mama hakuinua uso. Alitoa chenga mbili tatu, akazitupia kuku. "Alitaka," akasema. "Tangu Tunguu alikuwa akitaka."

"Na sheria haikumlazimisha kukuuliza. Angesema tu."

"Angesema tu. Lakini baba yako hakutaka kunichukua kama mzigo. Alinitupia neno la hasira bila ya kuniuliza, la kunirejesha akataka aniulize. Basi akauliza, na wewe ukamjibu."

"Akadhani nini?"

"Alidhani nimekufunza. Alimwambia shangazi yako njiani wakati wa kurudi, mtoto hawezi kusema vile ila kwa maneno ya mamake. Shangazi yako kaja kuniambia hayo baba yako keshaoa."

Nilishika mguu wake. Nilitaka kuuliza, naogopa kuuliza, nikauliza. "Na wewe, mama, ungemjibu nini?"

Hapo akauweka ungo chini. "Nilikuwa nshafungua mdomo nimwambie ndiyo."

Nikaangua kilio, nikamwambia anisamehe, anisamehe, sikujua, nilidhani tunageuza gari. Mama akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni, kisha akacheka, kile kicheko cha Jozani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nikusamehe nini, Asya? Ulikuwa unataka kwenda, ukasema unataka kwenda. Tulikuwa watu wazima watatu ndani ya gari lile, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema analolitaka mpaka mwisho."