Difu ya Mzee Abdille

Mume wangu Billow ni mtu mpole, na watu wa Garissa hudhani mpole ni msahaulifu. Mimi niliyeishi naye najua. Akiudhiwa hunyamaza, hunywa chai yake, na lile neno hulihifadhi.

Alikuwa mchunga ngamia huko Hadado kabla ya ukame kummaliza. Alikuja mjini mikono mitupu, akaanza kwa kulala chini ya malori ya watu akishika taa, mpaka akawa fundi. Alifungua gereji karibu na soko la mifugo pamoja na Shuaib, mchomeleaji, kijana wa maneno matamu aliyekula kwangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mimi nilikuwa nanunua maziwa ya ngamia kwa wafugaji na kuyauza pale mlangoni.

Gari lililotuletea balaa lilikuwa la mzee Abdille. Vita vilipoiwasha Mogadishu, mzee alivuka mpaka wa Liboi akiendesha gari la Kimarekani la milango miwili, jekundu, lenye injini ya silinda nane iliyotikisa vikombe mezani kwangu. Nyumba na duka alivipoteza. Gari hilo tu ndilo aliloliokoa, na alilipenda mpaka watu wakamcheka.

Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa nyuma. Injini ilikuwa na nguvu kuliko ekseli, na kila mzee alipokanyaga mafuta mchangani, kitu kilikatika. Billow akaamua kulitafutia difu kubwa zaidi, ile ekseli ya nyuma yenye tumbo la gia katikati. Alizunguka kwenye mizoga ya magari mji mzima, akilala chini ya kila mmoja. Alikwangua matope, akatazama umbo la kifuniko na bolti zake, kisha akazungusha gurudumu mara moja na kuhesabu propela, ule mhimili utokao kwenye giaboksi, imezunguka mara ngapi. Ndivyo difu inavyojulikana, aliniambia, kwa sura yake na kwa hesabu yake. Hatimaye alipata aliyoitaka chini ya pikapu kubwa la Kimarekani lililokufa nyuma ya stoo ya mahindi. Ilikuwa pana kuliko ile ya zamani, na Shuaib akaichomelea vikalio vipya vya springi. Magurudumu ya nyuma yalichungulia nje ya bodi. Mzee alisema linapendeza hivyo, na siku alipolivusha kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka, bila kukwama, alimbusu Billow kichwani.

Kisha mama mkwe wangu akafariki, tukaenda Hadado kuzika. Gari la mzee tuliliacha gerejini likingoja breki. Tuliporudi lilikuwa juu ya mawe, nyuma tupu, difu imekwenda pamoja na magurudumu yake. Shuaib naye alikuwa ameshajitoa gerejini, ameanza kubeba mizigo ya Dadaab na Liboi kwa pikapu yake. Na alikuwa ameshapita mjini akisema, kwa huzuni ya kuigiza, kwamba Billow aliiuza difu kabla hatujasafiri.

Mzee Abdille akaamini. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, aliinua mikono yake na kusema, "Ya Allah, mikono ya Billow imekula amana yangu. Ikaushe."

Laana ya mzee kwetu si mchezo. Watu waliogopa kumpa mume wangu mkono, sembuse gari. Maziwa yangu yalichacha mlangoni, maana nani anywe cha nyumba iliyolaaniwa? Nilijua tusiposafisha jina letu tutahama mji, na hatukuwa tena na ngamia wa kurudia.

Asubuhi moja nilimkuta Billow amesimama barabarani anatazama chini.

"Abshiro, njoo uone hii."

Mchangani kulikuwa na alama za gari. Gari likienda moja kwa moja, gurudumu la nyuma hukanyaga alama ya lile la mbele. Hizi za nyuma zilikuwa zimepita nje ya zile za mbele, pande zote mbili.

"Hii gari miguu yake ya nyuma si yake," akasema.

Akazifuata kama alivyokuwa akifuata ngamia aliyepotea, bila haraka, akizunguka palipokanyagwa na punda na kuziokota tena mbele. Zilituleta mpaka kwenye ua wa Shuaib. Pikapu ilikuwa ndani, nyuma imefunikwa turubai mpaka chini.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Billow akanishika mkono, akanirudisha nyumbani.

"Twende kwa wazee," nikamwambia.

"Wazee watatupatanisha. Watasema ni shetani tu, atarudisha, tutakunywa chai. Mimi sitaki kupatanishwa."

Akanieleza. Pikapu ya Shuaib iliweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Difu yake ya mbele ilikuwa ya asili, lakini ile ya nyuma sasa ilikuwa na hesabu nyingine. Akivuta kwa nyuma peke yake hatasikia kitu. Siku atakayoingiza gia ya magurudumu manne, mbele na nyuma zitavutana. Kwenye matope zitavumiliana kwa sababu magurudumu yanateleza. Akitoka akashika ardhi ngumu, giaboksi itapasuka.

"Kwa hivyo tunangoja nini?"

"Mvua."

Nami nikaiombea mvua kila nilipomaliza kusali, na sikuwa nikiwafikiria mifugo.

Mwaka wa tisini na saba ikaja ile mvua ya El Niño, na Mungu akanipa kuliko nilivyoomba. Mto ulifurika, barabara zikageuka uji. Malori yalikwama kila mahali. Shuaib akatembea sokoni akijigamba kwamba yeye peke yake atafika Dadaab. Akapakia unga wa mahindi na abiria wachache, akaondoka. Alasiri akaja mtu ametapakaa matope: pikapu imekufa njiani, mafundi wote wamekataa kwenda, Shuaib anasema aje hata yule Billow.

Hata yule Billow! Nilijifunga leso kiunoni. Sikuwa tayari kulikosa hilo.

Tulipanda trekta ya kukodi yenye tela. Tulikuta malori kwenye foleni, madereva wa Mwingi na Thika wanapika chai kando ya barabara, na Shuaib amesimama penye changarawe ngumu ya murramu, hatua chache tu kutoka kwenye tope alilolishinda.

"Billow, walaal, ndugu yangu!" akaita kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kisomali. "Wallahi Mungu amekuleta. Gari imefunjika, sijui ni nini."

Billow alilala chini yake, akatoka akijifuta mikono.

"Difu ya nyuma ni ya nani?"

"Ya bikabu. Imekuja nayo."

"Basi sitaiweza. Abshiro, twende."

Akageuka kweli kuelekea trekta. Ngurumo zilikuwa zinasogea na unga haukuwa na turubai ya kutosha. Shuaib akamkimbilia, akamnong'oneza Kisomali.

"Kwa sauti," Billow akamwambia.

Akasema kwa sauti kwamba ni ya mzee Abdille na ni yeye aliyeichukua. Abiria wake wakashika midomo.

"Na kwa Kiswahili. Hawa madereva waliambiwa mimi nimekula amana. Wasikie na hii."

Shuaib akatazama viatu vyake. "Mimi ndio niliiba difu ya mzee. Billow hakuiba."

"Huku nyuma hatujasikia!" dereva mmoja akapaza sauti, kikombe mkononi.

Akarudia. Nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu, na anayenilaumu hajawahi kumwaga maziwa yake kila jioni.

Billow akatoa jeki na spana. Shuaib, masikini, alidhani anatengenezewa. Billow alifungua difu, akaivuta nje na magurudumu yake, akashusha jeki, pikapu ikalala kwa tumbo. Madereva wakamsaidia kuipandisha kwenye trekta.

"Na mimi je?" Shuaib akauliza.

"Wewe nini?" Billow akasema.

Tulipokuwa tunaondoka mvua ikaanza kumsongea ugali wake palepale.

Habari zilifika mjini kabla yetu. Kesho yake mzee Abdille alikuja kwetu na fimbo yake. Billow hakumkaribisha ndani. Aliifunga difu chini ya gari jekundu, akakaza kila bolti, akatia funguo ya gari mfukoni. Akamtaka mzee aiondoe laana pale alipoitolea. Ijumaa mzee alisimama nje ya msikiti, akainua mikono, akaiondoa laana, kisha akaomba msamaha huku analia.

"Nimekusamehe, adeer," Billow akasema, akampa funguo. "Lakini gari yako usilete kwangu tena."

Watu walidhani ni hasira ya siku moja. Wateja wamerudi, Shuaib amehamia Diff, mji mdogo wa mpakani, na miezi imepita. Gari jekundu limezimika mbele ya lango la mzee, na hakuna fundi mwingine hapa anayeliweza. Kila asubuhi mzee huketi ndani yake na kujaribu kuliwasha, na sauti ya starta hufika gerejini kwetu.

Juzi nilimwambia Billow, mzee amechoka, kamtazamie basi.

Alisikiliza ile sauti kidogo. "Ni waya mmoja tu," akasema, akaendelea kufungua gurudumu la mtu.