Cheo Nilichokipiga Taipu

Aliyemchongea baba yangu kwa wanajeshi alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi pale Old Kampala, shule ambayo baba alikuwa mwalimu mkuu wake. Miaka sita walikula chakula cha mchana meza moja. Mimi nilikuwa karani wa shule hiyo hiyo, kwa hiyo nilikuwepo asubuhi gari la jeshi lilipoingia uwanjani. Nilimwona kwa macho yangu akiwaonyesha askari mlango wa ofisi kwa kidole, kama mtu anayemwelekeza mgeni msalani.

Kosa la baba ni kusema kwamba shule haina chaki kwa sababu Serikali haina pesa. Alilisema ofisini, na waliolisikia tulikuwa wawili tu, mimi na yule mwalimu.

Baada ya wiki tatu alirudishwa. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa havikunjiki tena. Kazi hakurudishiwa. Tukabaki naye katika nyumba ya mwalimu mkuu nyuma ya madarasa, mimi na wadogo zangu wawili, tukingoja siku ya kuambiwa tuhame.

Zama zile za utawala wa jeshi vyeo vilitolewa kwa mdomo, karatasi ikafuata ikipenda. Haukupita mwezi, mwalimu wa hesabu akaja dirishani kwangu, uso umemkunjuka, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, afande anakuja Ijumaa kunipa shule. Anataka balua ya Kiswahili, aweke sahihi. Nyinyi Kiswahili chenu kimetoka pwani. Niandikie balua nzito."

Nilimtazama nikitafuta haya usoni mwake. Sikuiona.

"Nitakuandikia," nikamjibu.

Alasiri nilikaa mbele ya mashine ya taipu. Tangu utoto baba alitufundisha kwamba kila cheo kina neno lake: mbunge huchaguliwa, waziri huteuliwa kisha akaapishwa, chifu husimikwa, mfalme hutawazwa. Nikayapima yote, na kila moja lilikuwa heshima ambayo sikuwa tayari kumpa mtu yule. Ndipo likanijia neno kaimu, mtu anayeshika nafasi ya mwingine kwa muda. Kaimu hapati mshahara wa cheo wala nyumba ya cheo. Nikapiga: "Ameteuliwa kuwa Kaimu Mwalimu Mkuu." Nikatoa nakala tatu.

Ijumaa afande alikuja na askari wawili, akaketi kwenye kiti cha baba. Aliishika barua, akaizungusha, akanirudishia.

"Soma wewe."

Nikasoma. Nilipofika kwenye lile neno akainua kichwa.

"Kaimu iko nini?"

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama kando yangu, naye akinitazama, anasubiri kusikia maana ya ukubwa wake.

"Ni neno la Kiarabu, afande," nikasema. "Maana yake aliyesimama."

Sikudanganya. Asili yake ndiyo hiyo.

"Mzuri. Basi huyu asimame." Akatia sahihi, akagonga mhuri. Mwalimu wa hesabu alinishukuru kwa mikono miwili.

Jumatatu aliipeleka barua ofisi ya elimu kudai mshahara mpya na nyumba yetu. Alirudi kabla ya saa sita, shati limemganda mgongoni, akafunga mlango wa ofisi.

"Umeniandika nini? Wananiambia nyumba ni ya mkuu mwenyewe. Wananicheka!"

"Nimeandika kilichotiwa sahihi."

"Badilisha!"

"Mimi ni karani tu. Mwambie afande kwamba aliweka sahihi neno asilolijua." Nikaisogeza simu mbele yake. "Piga."

Aliitazama ile simu. Alikuwa anajua, kuliko mimi, watu huenda wapi kwa maneno madogo kuliko hayo. Akatoka bila kuufunga mlango.

Nilifurahi. Nilifurahi siku ile, na nilifurahi kila jioni nilipomwona akishuka kilima kurudi kwenye chumba chake cha kupanga Nakawa, huku sisi tukifunga madirisha ya nyumba ambayo kwa ajili yake alimuuza baba yangu.

Baba alipopata habari aliniita kitandani.

"Umetuweka hatarini sote, hata hawa wadogo, kwa ajili ya neno moja?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ungeweza kurudia?"

"Hata leo."

Akasema, "Umekosea. Kaimu hateuliwi. Kaimu hukaimishwa."

Hakuligusia tena jambo hilo.

Alifariki mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipoanza, katika kitanda chake, katika nyumba ile. Hilo nililipigania na nililipata, lakini vidole vyake hakuna aliyevirudisha. Siku ya pili ya matanga mwalimu wa hesabu alifika na kilo mbili za sukari, wakati ambapo sukari ilikuwa haionekani dukani hata kwa foleni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nyabo, nimekuja kuomba msamaha. Mimi pia niliogopa."

Huenda ni kweli aliogopa. Sote tuliogopa, na si sote tulioonyesha mlango kwa kidole. Nikaichukua ile sukari, nikaiweka mikononi mwake, nikavikunja vidole vyake juu yake.

"Sikusamehe," nikamwambia, watu wote wakisikia. "Nenda nayo. Sisi tutakunywa chai kavu."

Akaenda. Waombolezaji walikunywa chai bila sukari, na shangazi yangu, aliyetembea kwa miguu kutoka Bugolobi na kisukari hana, alininunia mpaka arobaini ikapita.