Kasiksi ya Ng'ambo

Mama Verdiane wa Kashuga alikuwa na sauti. Si ya kuimbia kanisani, maana huko walimwomba kwa upole aimbe kidogo kidogo. Ni ile ya kumwita mtu aliye kilima cha pili huku yeye amesimama katikati ya maharage yake, na mtu akaitika. Alizaliwa ng'ambo ya mto, akaolewa ng'ambo hii, na kila asubuhi alisalimiana na dada yake Mukagasana kwa kupiga kelele juu ya maji. Mambo ya familia yao yalijulikana bonde zima.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 mvua ilibeba daraja. Wanaume walishuka kutazama mahali lilipokuwa, wakatikisa vichwa, wakarudi. Karani wa serikali alipopita alisema mfuko ni mtupu, fedha zimekwenda kwenye bunduki za askari, basi wasubiri. Wakasubiri, tena kwa bidii. Kazi hiyo waliiweza.

Verdiane hakuiweza. Epiphanie, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba kubwa, na dispansari ilikuwa ng'ambo. Zamani, kabla daraja halijajengwa, Verdiane mwenyewe alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza mto ukiwa umejaa. Alijifungulia pale ukingoni, na mtoto hakulia. Hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Lakini kila alipomwona Epiphanie ameshika kiuno, aligeuka kuutazama mto.

Jumapili moja baada ya misa, watu walijaa uani kwa Papa Théogène, katekista, mwenye radio pekee kijijini. Alisikiliza Kifaransa, akakunja uso, akawageuzia kwa Kiswahili.

"Mataifa makubwa imeandikiana mukataba. Hakuna mwenye ataweka bombe kubwa kule juu, penye nyota."

"Kule juu kuko bantu?" Verdiane aliuliza.

"Hakuna muntu, Mama."

"Na fusée, zile roketi za kupandisha bombe, walishatengeneza?"

"Walishatengeneza. Na feza mingi sana."

"Kumbe! Wanamaliza feza kwanza, kisha njo wanakatazana!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Papa Théogène, uniambie basi. Wale bantu, madaraja yao yote iliisha kujengwa?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wanaume ndio waliocheka zaidi, mpaka walipoona anawatazama wao.

"Na ninyi? Hamuna fusée, hamuna daraja. Siku munamalizia wapi?"

"Tuko nangoja serikali," alisema mumewe, Papa Sebarenzi.

Verdiane alimgeuzia mgongo. Alishuka mtoni akamwita dada yake, na safari hii wawili hao walizungumza zaidi kwa mikono kuliko kwa midomo. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwashtua wanaume, lakini hawakushtuka.

Katika vilima vile, kazi ya wote hulipwa kwa kasiksi, pombe ya ndizi, nayo hunywewa pale kazi inapoishia. Pombe ilipoiva, Mukagasana na wanawake wenzake waliipanga mitungi ukingoni kwao, mirija tayari ndani. Upepo ukamaliza yaliyobaki.

"Ile iko ya nani?" Sebarenzi aliuliza, pua juu.

"Ya wenye kujenga daraja," mkewe alimjibu. "Watakunywa penye kazi inaisha. Na kazi inaisha kule."

Sebarenzi alimeza mate, akaenda kutafuta shoka.

Wanaume waliangusha mikaratusi mirefu, wakausimamisha mti wa kwanza kwa kamba ukingoni ili wauangushe kuvuka maji. Papa Théogène akawazuia: amesikia radioni namna fusée zinavyorushwa. Akahesabu kwa Kifaransa, akirudi nyuma kutoka kumi, watu wakimfuatisha kwa kelele. Alipofika sifuri waliachia. Mti ukaanguka vizuri ajabu, kichwa chake kikatua ng'ambo, kikapasua mtungi mmoja. Vigelegele upande ule, maombolezo upande huu. Kabla ya mti wa pili, wanaume walisimama na kuwasihi wanawake waisogeze mitungi.

Daraja likaitwa Fusée.

Siku ya Epiphanie ilipofika, wanaume walimlaza kwenye ngobyi, kitanda cha kusukwa cha kubebea wagonjwa, wakakiinua mabegani. Verdiane alitangulia, akiwagombeza kila hatua. Katikati ya daraja machozi yalimshuka waziwazi, wala hakuyafuta, wala hakuacha kugombeza. Dispansari walimpokea Epiphanie mapema, na akazaa msichana. Mtoto huyo alilia kwa sauti ambayo hakuna aliyehitaji kuuliza kairithi kwa nani. Verdiane akacheza uani peke yake, mpaka wagonjwa wakatoka kumtazama.

Jumapili chache baadaye, Papa Théogène aliongeza sauti ya radio na kumwita.

"Mama Verdiane, kuja usikie! Wamepandisha fusée ingine!"

Alikuja na mjukuu kifuani, akitembea polepole.

"Punguza radio," alisema. "Mutoto iko nalala."

Alisema hivyo kwa kunong'ona, na mpaka siku ile hakuna aliyejua kwamba anaweza.