Karatasi Mbili za Dada Mwanahawa

Mwanangu, siku inayonirudia kila mara ni ile niliyokaa kwenye benchi la hospitali mjini, nimeshika karatasi mbili za dada yangu Mwanahawa, nikiamini nimemnasa daktari akidanganya.

Dada alikuwa na uvimbe kwenye ziwa. Walimkata kipande kidogo cha nyama wakakipeleka maabara, na hilo tayari lilinitia shaka, maana kwetu milimani Mgeta tuliamini uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika. Karatasi ya kwanza ikasema saratani daraja la tatu. Ya pili, hatua ya pili. Mimi nilikuwa mkulima wa kabeji. Madalali wa Dar walinizoesha: kwenye simu mzigo ni daraja la kwanza, ukifika sokoni umegeuka la tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Namba zenyewe hazipatani," nikamwambia dada. "Hawa watakukata ziwa bure."

"Si tumuulize daktari?"

"Mwizi haulizwi kama ameiba."

Shemeji, mume wake, aliniachia mimi niamue. Sisi Waluguru, mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, na mimi nilikuwa mwanaume pekee kwa mama yetu. Neno likawa langu. Tukarudi mlimani, akanywa mitishamba miezi minane, na uvimbe ulipopasuka ukawa kidonda akakifunika kwa khanga nisikione.

Tuliporudi hospitali, daktari yule yule, mama wa makamo, hakunifokea.

"Kijana, daraja ni ukali wa ugonjwa. Tunatazama kwa hadubini seli zimeharibika kiasi gani na zinazaana haraka kiasi gani. Hatua ni umefika wapi: ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, viungo vya mbali. Ni maswali mawili, ndiyo maana yakawa na majibu mawili."

Nikaelewa palepale, na aibu ikanishika. Mnyauko wa nyanya nao upo wa polepole na upo wa siku mbili. Umeshika matuta mangapi ni habari nyingine. Hilo nililijua tangu utotoni.

"Na sasa?" nikauliza.

"Daraja ni lile lile. Hatua ni ya nne. Umefika kwenye ini."

Dada hakuumaliza mwaka. Neno moja tu aliniambia, tena kwa upole: "Mdogo wangu, ungeniacha niulize."

Sikwambii uache kushuku, mwanangu. Mimi hata leo karatasi ya hospitali naisoma mara tatu, na daktari ni binadamu, hukosea. Lakini shaka yako mpelekee yeye mwenyewe, mgonjwa akisikia. Uliza daraja gani, hatua gani, mmepimaje. Asipokuridhisha, tafuta daktari mwingine, usitafute lori la kurudi nyumbani. Na mgonjwa akitaka kusema, wewe nyamaza, mwili ni wake.

Mwenyezi Mungu akuepushe na maradhi. Akikupa mgonjwa wa kumsimamia, akupe na ujasiri wa kuuliza ungali na muda. Mimi muda nilikuwa nao, nikautumia kushuku.